Watu watano, elfu hamsini kwa wiki: shajara ya jiko letu, Temeke

Jumapili, 12 Januari 2025: kabla ya kubadili chochote

Naanza kuandika leo kwa sababu wiki iliyopita mke wangu alirudi kliniki na kadi imeandikwa damu 9.2, mimba ina wiki 18. Nesi kamwambia inatakiwa angalau ifike 11, kampa vidonge vya kuongeza damu, halafu kamwambia "na ule vizuri mama". Hilo neno la kula vizuri limenikaa kichwani tangu siku ile, maana mimi ni fundi wa kuchomelea, nalipwa kila Jumamosi, na hela ya chakula naiweka mezani elfu hamsini. Tupo watano: mimi, mke wangu, bi mkubwa (yani mama), na watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 5. Mimi mchana siku za kazi nakula hukohuko gereji.

Kabla sijagusa kitu nilining'iniza daftari jikoni kwa misumari, nikawaambia wote kila kinachonunuliwa kiandikwe hata kama ni kitunguu cha mia mbili. Wiki nzima, Jumatatu mpaka leo. Haya ndo yaliyotoka:

Mchele kilo 5, 12,000. Sembe kilo 5, 6,500. Maandazi na chapati za asubuhi 10,500. Nyanya, vitunguu na viungo vya gengeni 8,400. Nyama nusu kilo 6,000. Sukari 5,600. Samaki wa kukaanga mara mbili 5,000. Mafuta 4,200. Soda na juisi za pakiti za watoto 3,500. Mboga za majani 3,000. Matunda 1,000. Jumla 65,700.

Yani mimi nilikuwa naweka elfu hamsini na nikiamini ndo inayotumika, kumbe elfu kumi na tano na mia saba zinatoka kidogokidogo mfukoni mwangu, mfukoni kwa mke wangu, kwenye kibubu cha bi mkubwa, na hakuna mtu anayeziona. Maandazi peke yake yanakula zaidi ya mara mbili ya mboga na matunda ukijumlisha. Maharage sifuri, wiki nzima hatujala hata punje!

Kitu kingine ni vipimo. Sukari tunanunua robo kwa 800, kila siku robo, maana yake kilo tunailipa 3,200 wakati dukani kwa kilo ni 2,800. Mafuta ya kupima ya 600 ukiyakusanya mpaka lita yanafika kama 6,000, lita ya chupa ni 5,000. Kwahiyo anayenunua kidogokidogo kwa sababu hana hela ndo anayelipa bei kubwa kuliko wote, na hili liliniuma kuliko ile jumla.

Lengo: tusizidi 50,000 kwa wiki, na sahani iwe na jamii ya kunde au dagaa kila siku, mboga za majani kila siku, tunda angalau siku nne.

Jumapili, 19 Januari: mboga zimeoza

Nililipwa Jumamosi, alfajiri ya Jumapili ile nikaenda soko la Stereo na kikapu nikanunua kila kitu cha wiki nzima kwa mkupuo. Nilijua hapo ndo akiba ilipo. Nafaka sawa, vitunguu sawa, mafuta lita sawa. Tatizo nikachukua mchicha na matembele mafungu kumi na nne, na sado nzima ya nyanya kwa 4,000 zote zimeiva vizuri nyekundu, maana zilikuwa zinapendeza macho.

Hatuna friji. Na Januari ya Dar mnaijua. Jumanne mchicha ukaanza kulegea, Jumatano majani ya chini yamekuwa ute, Alhamisi asubuhi mke wangu akafungua mfuko harufu ikatutoa jikoni. Tulitupa mafungu tisa. Nyanya nilizifungia kwenye mfuko wa plastiki zikatoa jasho, theluthi moja ikapasuka. Hasara kama 4,500, na bado kuanzia Alhamisi tukarudi gengeni kununua mboga upya, jumla ya wiki 58,400.

Tulichobadili baada ya hapo, na hiki mpaka leo hakijatuangusha: vitu vikavu na mafuta vinatoka sokoni Jumapili mara moja. Mboga za majani zinanunuliwa gengeni kila siku kwa 500 ile ile, siku ikiwa bei imechangamka tunapata fungu dogo, siku ikishuka tunapata kubwa, lakini jero ni jero. Karoti, kabichi na kipande cha boga tunaviweka kwa ajili ya siku za mwisho wa wiki maana vinavumilia. Nyanya naomba muuzaji anichanganyie, nusu zilizoiva, nusu bado za kijani zinazoanza kugeuka, nazitandaza kwenye ungo chini ya meza zisigusane. Dada wa sokoni alinishangaa kwanza, siku hizi akiniona anaanza kunichagulia za kijani mwenyewe.

Jumapili, 26 Januari: maharage yaliyogoma

Nitaandika kirefu hapa kwa sababu hapa ndo nimepoteza hela nyingi, na najua wengi wanaacha maharage kwa sababu hii hii.

Sokoni maharage mazuri yalikuwa 3,000 kwa kilo, pembeni kuna jamaa anauza 2,400. Nikachukua kilo mbili za 2,400. Yalikuwa yamekolea rangi, magumu, yanang'aa. Jumatatu mke wangu akaweka kwenye gesi saa tisa alasiri, saa kumi na mbili bado yanagonga kwenye meno. Akahamishia kwenye mkaa wa buku mbili, mpaka saa mbili usiku mkaa umeisha na maharage bado. Watoto wakala ugali na chumvi na kachumbari. Bi mkubwa akachukua punje moja akaitazama kwenye taa akasema, "Mwanangu haya ni ya msimu wa juzi, yamekaa ghalani mpaka yamekauka roho."

Kesho yake tukajaribu magadi. Yalilainika kweli, ndani ya saa moja, ila yalitoka na rangi ya matope na ladha kama sabuni, mtoto mdogo akayatema. Na magadi yanaharibu vitamini B iliyomo kwenye maharage, kwahiyo unalainisha huku unatupa kile ulichokifuata. Tumeacha.

Jumatano gesi ikaanza kuwaka njano, usiku ikakata. Mtungi mdogo wa kilo 6 kwetu ni 24,000 kujaza, na huu ulikuwa umekaa siku 24 tu. Hapo ndo nikaelewa kwamba hesabu yangu yote ya chakula ilikuwa na shimo, nilikuwa naandika maharage 3,000 bila kuandika moto. Buku kwa siku ya gesi ilikuwa inapita nje ya daftari. Mtungi mpya nauvaa kesho, yani siku zake nahesabu kuanzia Jumatatu 27.

Nilichokifanya: kwanza kuloweka. Maharage yanalowekwa jioni baada ya kuosha vyombo, maji mengi, asubuhi yale yasiyovimba yanatolewa na maji yanamwagwa kwenye mimea. Pili nisinunue tena zaidi ya robo kutoka kwa muuzaji nisiyemjua, naloweka robo kwanza nione. Tatu ni boksi, nalijaribu wiki ijayo: katoni kubwa ya bidhaa, ndani mabaki ya sponji niliyopewa bure na fundi makochi jirani na gereji, juu blanketi kuukuu. Sufuria ikichemka unaifungia humo inaendelea kuiva bila moto. Bi mkubwa anasema zamani kwao walikuwa wanafukia chungu kwenye majivu ya moto, wazo ni lile lile.

Wiki hii 55,900, ukiongeza mkaa 57,900.

Jumapili, 2 Februari: boksi, na mambo mawili ya mke wangu

Boksi mara ya kwanza lilitushinda. Niliweka maharage yaliyolowekwa, yalipoanza tu kutokota nikayaingiza boksini, nikasema yakae masaa matatu. Watoto wana njaa, kila baada ya nusu saa mmoja anafunua kuangalia, na sufuria ilikuwa nusu tu kwahiyo joto likapotea haraka. Tulipotoa, nje laini ndani mabichi, tukala hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa saa mbili usiku. Wanne kati ya watano tuliumwa matumbo, mimi nilitapika. Nikaja kuelewa kwamba maharage mekundu yana sumu yake ya asili inayokufa tu kwa kuchemka kwa nguvu, joto la vuguvugu haliitoi kabisa. Hili naomba mtu yeyote atakayeiga asilipite haraka.

Sasa tunafanya hivi: yaliyolowekwa usiku kucha yanachemka kwa nguvu nusu saa kamili, mapovu yanaonekana, sufuria imejaa robo tatu, mfuniko haufunguliwi. Sufuria inaingia boksini saa nne asubuhi, inatoka saa nane, inarudi kwenye moto dakika kumi na kiungo. Tangu Jumatano yameiva mara tatu kati ya tatu.

La pili. Alhamisi nilimsindikiza mke wangu dispensari kuchukua vidonge, nesi akamuuliza anavimeza na nini. Akasema na chai, asubuhi. Nesi akasema mama, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na siyo ya vidonge tu, hata ya maharage na mboga za majani ukinywa chai pamoja na chakula unapoteza. Akasema ameze na maji, na chakula akikamulie ndimu au ale tunda, hiyo inasaidia chuma kuingia. Chai isubiri kama saa nzima.

Halafu akamuuliza taratibu kama anakula udongo. Mke wangu akaniangalia akanyamaza, halafu akasema ndio, wa mia mbili kila siku, alikuwa ananunua sokoni anauficha kwenye mkoba. Nesi hakumgombeza. Alimwambia hiyo hamu ya udongo mara nyingi inakuja na upungufu wa damu wenyewe, na udongo nao unazidi kuzuia damu kuongezeka, kwahiyo vinazungukana. Usiku mke wangu akaniambia, "Baba, nilikuwa naona aibu." Mimi nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa naandika hesabu za kila kitunguu humu ndani na hilo sikulijua. Tumekubaliana ile mia mbili inanunua ndizi mbivu mbili kila siku na ni yake, haigawanywi na mtu.

Chai ya bi mkubwa ilikuwa mjadala mrefu zaidi. Chai na chakula kwake ni kitu kimoja toka utotoni. Tulichofikia ni kwamba chai inapikwa saa nne asubuhi, wote tunajua ni ya saa nne, na sukari imeshuka yenyewe kwa sababu chai ni mara moja. Kilo moja inatosha wiki.

Wiki hii 54,600.

Jumapili, 9 Februari: dagaa wenye mchanga, dona chungu

Dagaa. Wa Mwanza wazuri 11,000 kwa kilo, kuna wa 8,000. Nilirudia kosa lile lile la maharage, nikachukua wa 8,000 nusu kilo. Hawa wa bei ya chini mara nyingi wameanikwa chini kwenye mchanga, wale wa bei ya juu wameanikwa kwenye vichanja. Mke wangu akaosha maji manne, bado wakawa wanasaga kwenye meno. Mimi nikafikiri nitawaokoa kwa kuwasaga wawe unga wa kumwagia kwenye mboga za watoto, na hapo nikaharibu kabisa, maana ukishasaga mchanga hauutoi tena. Nusu kilo ikaenda kwa kuku wa jirani.

Wa kichanja ndo wanaofaa kusagwa: wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, toa vichwa vinavyoleta uchungu, twanga, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko kimoja kwenye mchicha au kwenye maharage na mtoto hajui. Dagaa unamla na mifupa yake, kwahiyo na yale madini ya mifupa anayoyahitaji mjamzito unayapata, nyama ya 12,000 kwa kilo haikupi hilo.

Dona. Tulihama kutoka sembe kwa sababu sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeenda kwa ng'ombe na hivyo ndo vyenye vitamini na nyuzinyuzi. Nikasaga kilo 10 tarehe 26 mwezi uliopita nikaziweka kwenye ndoo. Leo ni wiki mbili na unga unanuka mafuta ya zamani, ugali una uchungu kooni. Kile kiini kina mafuta, na mafuta kwenye joto hili yanachacha. Sembe inakaa kwa sababu hicho kitu hakimo. Nimetupa kama kilo tatu na nusu. Sasa nasaga kilo 5 tu, kila Jumapili, na ndoo imehama kutoka jirani na jiko kwenda chumbani chini ya kitanda.

Na nanunua mahindi, sinunui dona ya kwenye kiroba. Sababu ni sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa mahindi yenye hiyo sumu, na kupika hakuiondoi. Tunamwaga mahindi kwenye ungo, bi mkubwa na mjukuu wake mkubwa wanatoa yaliyooza, yaliyovunjika, yenye rangi ya kijivu au kijani. Kuvu nyingine haionekani kwa macho kwahiyo kuchagua kunapunguza tu, lakini mahindi yaliyosagwa na mtu mwingine huna hata pa kuanzia. Karanga nazo hivyo hivyo, zilizosinyaa tupa.

54,100.

Jumapili, 16 Februari: asubuhi bila maandazi

Hii niliichelewesha kwa sababu nilijua itakuwa vita. 10,500 za maandazi zilikuwa zimeshuka mpaka 6,000 lakini bado.

Jaribio la kwanza lilikuwa uji wa lishe wa kuchanganya mwenyewe: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, nikasaga pamoja kilo tatu, 9,800. Soya niliisaga mbichi. Uji ukatoka na harufu ya majani mabichi na watoto wote wawili wakauacha, na soya ambayo haijaiva vizuri inasumbua tumbo, inatakiwa uichemshe au uikaange kwanza kabla ya kwenda mashine. Na unga wenye karanga ndani ukaanza kuchacha siku ya tano, sababu ni ile ile ya dona.

Jaribio la pili ndo limebaki. Ulezi na mahindi tu kwenye unga, vitu viwili. Karanga zinakaangwa, zinatwangwa kidogo kidogo, na zinaingia kwenye sufuria uji ukikaribia kuiva. Ukwaju uliolowekwa unamaliza, sukari kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Siku mbili kwa wiki ni mihogo ya kuchemsha au viazi vitamu badala ya uji. Mtoto mdogo siku tatu za kwanza alilia akitaka andazi, ya nne akala, na Jumamosi asubuhi tumeacha maandazi yabaki, kila mtu moja, kwa sababu Jumamosi nipo nyumbani mpaka saa mbili na tunakaa pamoja.

Alhamisi, 20 Februari

Jana kliniki. Damu 10.4.

Nimeandika tarehe hii katikati ya wiki kwa sababu sikuweza kusubiri Jumapili. Vidonge vimefanya kazi yake, siwezi kusema ni chakula peke yake, na asiache mtu vidonge kwa ajili ya mchicha. Ila vidonge alikuwa navyo hata mimba iliyopita na haikupanda hivi. Safari hii anavimeza na maji, chai imesogea, udongo ameacha. Amelala mchana leo kwa kupenda, siyo kwa kizunguzungu.

Jumapili, 23 Februari: samaki wa Feri

Majirani wanne tulichanga tukaenda mnada wa samaki Feri asubuhi, tukagawana. Bei kweli ni nzuri kuliko samaki wa kukaanga wa mtaani, vibua vya 3,500 vilitutosha milo miwili. Ila tulikaa foleni, tukapanda daladala mbili, tukafika nyumbani saa sita bila barafu, na vya jioni tukavikaanga saa kumi. Bi mkubwa dakika ishirini baada ya kula uso ukawa mwekundu, midomo inawasha, moyo unaenda mbio. Dispensari wakamchoma sindano akatulia. Walituambia kibua akikaa kwenye joto anatengeneza kitu ndani ya nyama kinacholeta hali hiyo, na hata ukikaanga mpaka akauke hakitoki. Matibabu 7,000.

Hatujaacha Feri. Ndoo yenye mfuniko, barafu ya 1,000, na vyote vinapikwa vikifika. Lakini ni mara moja kwa mwezi, na bila barafu siendi.

Jumapili, 2 Machi: hesabu ya kuiga

Wiki hii hakikuharibika kitu chochote, kwahiyo naiweka yote kwa anayetaka kuanzia hapa.

Mahindi kilo 5 na kusaga 5,000. Mchele kilo 3, 7,200. Maharage kilo moja na nusu 4,500. Choroko nusu kilo 1,400. Dagaa wa kichanja nusu kilo 5,500. Mafuta lita 5,000. Sukari kilo 2,800. Ulezi kilo 2,500 na karanga nusu kilo 2,000. Nyanya, vitunguu, karoti 4,500. Mboga za majani 3,500. Mayai sita 2,100, haya ni ya mke wangu na watoto. Matunda 3,000, zaidi ni ndizi na papai, maembe yameshaisha. Mihogo na viazi vitamu 2,500. Ndimu na chumvi yenye madini joto 500. Nauli 1,200.

53,200. Lengo la elfu hamsini sijalifikia, nimezidi kwa 3,200. Lakini toka 65,700 ni 12,500 kila wiki, na humo ndani sasa kuna kunde, dagaa na mayai ambavyo mwanzo havikuwemo, na matunda yameongezeka. Nyama tumekula mara moja tu mwezi mzima wa pili, sikuificha hiyo, watoto wanaiulizia.

Jumapili, 9 Machi: Ramadhani, na mtungi

Mfungo umeanza na bei sokoni zimebadilika siku ile ile. Fungu la mihogo la 1,000 limekuwa 1,500, magimbi sijathubutu kuuliza mara mbili, nazi iliyokuwa 1,200 sasa 1,600. Na mimi sasa nafuturu nyumbani kwahiyo chakula changu cha gereji kimehamia kwenye daftari. Wiki ya kwanza ya mfungo 56,800. Mke wangu hafungi, analishwa mchana kama kawaida na hilo bi mkubwa ndiye anayelisimamia.

Tulichobadili: futari haianzi na mihogo, inaanza na uji wa ulezi ule ule ambao kila mtu ameshauzoea, tende mbili mbili, halafu choroko au kunde za nazi. Mihogo tumeifanya ya siku mbili kwa wiki. Boksi limekuwa na faida ambayo sikuitarajia, kunde zinaingia saa tisa na zinatoka adhana ikisomwa bila mtu mwenye funga kusimama jikoni.

Mtungi uliovaliwa 27 Januari umekata Ijumaa tarehe 7. Siku 39. Wa nyuma ulikaa 24. Ile buku kwa siku ya gesi sasa ni kama 615, na akiba hiyo kwa wiki ni kama 2,700 ambayo haionekani kwenye orodha ya chakula lakini ipo.

Mwezi uliopita nilijaza viroba sita vya unga udongo na mbolea ya kuku, nikavipanga ukutani nyuma ya choo cha nje ambako jua linafika. Viwili panya walifukua. Vinne vina mchicha, na jana mke wangu ameukata mara ya kwanza, anakata juu anaacha shina lichipue. Yalitosha sufuria moja. Gengeni tulihifadhi jero. Wingu la masika limeanza kukaa upande wa bahari, Jumamosi naongeza viroba vinne na matembele, na kliniki ni tarehe 19.